Vijana Wasihukumiwe Mapema

Kuna desturi iliyoota mizizi katika magazeti yetu na katika vijiwe vyetu vya michezo, nayo ni kwamba timu ya vijana ikianza vibaya huandikiwa hukumu siku ile ile, na timu hiyo hiyo ikipindua matokeo siku ya tatu huandikiwa muujiza. Na baina ya hukumu na muujiza hapana mtu anayekaa kitako akauliza ni kazi gani iliyofanyika, imefanywa na nani, na imekuwaje hata wale waliolaumiwa juzi wakawa ndio wanaobebwa mabegani leo. Hukumu ile siipendi, na muujiza ule siuamini. Ili nidhihirishe sababu zangu nitachukua mfano kutoka mbali, katika mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi, kwa kuwa aghalabu mtu huona kwa insafu zaidi pale asipokuwa na timu ya kuipenda wala ya kuichukia.

Mchezo wenyewe ni mpira wa magongo wa barafuni. Wakazi wa Nairobi wanao uwanja wake mdogo katika hoteli ya Panari, kando ya barabara iendayo Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005, na vijana wao wa timu ya Ice Lions walifanya mazoezi hapo kwa miaka mingi bila ya mpinzani wa kucheza naye. Lakini kwa sisi wengine yafaa mchezo huu uelezwe japo kwa maneno machache. Kila upande huingiza watu sita, mmoja wao akiwa mlinda mlango, wote wamevaa viatu vyenye ukingo wa chuma chini ya soli, na kwa magongo yao hukisukuma juu ya barafu kisahani kigumu cha mpira mweusi mpaka kiingie wavuni. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimamishwa kila mchezo unaposimama. Kasi yake ni kubwa hata mchezaji hawezi kudumu barafuni zaidi ya dakika moja au pungufu yake kabla hajatoka kumpisha mwenzake, na mwenye kufanya madhambi huketishwa nje dakika mbili, ilhali wenzake wakihangaika wakiwa pungufu. Mabao si mengi kama katika mpira wa kikapu, wala si haba kama katika kandanda; hata hivyo timu iliyotangulia kwa mabao matatu, na kipindi kimoja tu kimesalia, huhesabiwa na kila mwenye kuujua mchezo kuwa imekwisha kushinda.

Katika mchezo huo yako mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 20, yafanywayo rasmi tangu mwaka 1977, ambayo huanza siku ya pili ya Krismasi na kumalizika katika siku za mwanzo za Januari. Kwa watu wa Kanada ni jambo zito. Majumba hujaa jamaa waliokuja kwa sikukuu, na wote hukaa kuwatazama vijana wa miaka 18 na 19 ambao majina yao, wiki moja kabla, hayakuwa yakijulikana ila katika miji walikozaliwa.

Mashindano ya mwishoni mwa mwaka 2010 yalifanywa Buffalo, mji wa Marekani ulio mpakani hasa, ambao Mkanada huufikia kwa kuvuka daraja tu. Kwa hiyo, ingawa Marekani ndiyo iliyokuwa mwenyeji, waliojaa viwanjani walikuwa Wakanada, wamevaa nyekundu na nyeupe. Warusi waliingia humo kwa mwendo wa kuhuzunisha. Siku ya kwanza walifungwa na Kanada mabao 6 kwa 3. Mchezo wa pili wakafungwa na Uswidi mabao 2 bila, wasipate hata bao la kufutia tahayuri. Michezo miwili, hasara mbili. Laiti timu ile ingekuwa ya baadhi ya vyama tuvijuavyo, mwalimu wake angekuwa amekwisha kuitwa ofisini, na wajumbe wangekuwa wamekwisha kugawana lawama. Mwalimu huyo, Valeri Bragin, aliachwa afanye kazi yake. Vijana wake wakawafunga Wanorwe na Wacheki, mabao manane kila mchezo, wakapenya mpaka robo fainali kwa njia ya nyuma.

Hapo robo fainali walikutana na Ufini, na dakika chache kabla ya kumalizika walikuwa nyuma kwa mabao 3 kwa 1. Yevgeni Kuznetsov, mwenye miaka 18, akafunga mara mbili, na Maxim Kitsyn akamaliza kazi katika muda wa nyongeza. Katika nusu fainali walikuwa nyuma tena mbele ya Uswidi, wakasawazisha mwisho mwisho, wakashinda kwa mikwaju ya penalti. Nayataja haya kwa makusudi. Watu wanapokisimulia kisa cha fainali husimulia kana kwamba mbingu zilifunguka kwa ghafla usiku mmoja, nao wakasahau kwamba vijana wale walikuwa wamekwisha kulizoea jambo la kuwa nyuma, na kwamba katika siku nne walikuwa wamelifanyia mazoezi mara mbili, mbele za watu, pasipo na mtu wa kuwatisha kwa kuwaambia kuwa aibu itarudi nao nyumbani.

Fainali ilikuwa tarehe 5 Januari 2011, Urusi na Kanada, mbele ya halaiki ya watu zaidi ya 18,000. Ryan Ellis aliifungia Kanada la kwanza, Carter Ashton la pili. Kipindi cha pili kikaanza, na Brayden Schenn, aliyekuwa mchezaji bora wa mashindano yale yote, akaongeza la tatu. Hapo Bragin alifanya tadbiri moja iliyoonekana na kila mtu: akamtoa mlinda mlango wake, Dmitri Shikin, akamwingiza Igor Bobkov. Tangu dakika hiyo mpaka mwisho Kanada hawakupata bao jingine. Katika kipindi hicho hicho nahodha wa Urusi, Vladimir Tarasenko, aligongwa akatoka nje akishika mbavu, na waliokuwa wakitazama walidhani hatarudi. Alirudi. Kipindi cha pili kikaisha mabao matatu kwa sufuri, na katika nchi nzima ya Kanada hapana shaka walikuwako waliokwisha kwenda jikoni kutafuta vinywaji vya kusherehekea.

Kipindi cha tatu hakikufikisha dakika tatu kabla Artemi Panarin hajafunga la kwanza la Urusi. Na sekunde 13 tu baada yake Kitsyn akafunga la pili. Sekunde 13! Mtangazaji wa redio hajamaliza kulitaja jina la mfungaji wa kwanza, na mfungaji wa pili amekwisha kunyanyua mikono. Tarasenko, pamoja na mbavu zake, akasawazisha. Kisha mchezo ukasimama katika ulinganifu wa kutisha kwa dakika kadhaa, ambazo kwangu mimi ndizo zilizo na maana kubwa kuliko mabao yenyewe, maana ndizo zilizoonyesha ni upande upi uliokuwa ukiicheza saa ile na ni upande upi uliokuwa ukiiogopa. Zilipobaki dakika chini ya tano Panarin akafunga la nne. Nikita Dvurechenski akaongeza la tano, na mambo yakamalizika 5 kwa 3. Urusi ilikuwa haijatwaa ubingwa huo tangu mwaka 2003, na mpaka leo haijautwaa tena. Asubuhi yake vijana hao walishushwa kutoka katika ndege kabla haijaruka, kwa makelele na vurugu za furaha yao, jambo ambalo silitetei, ila nakumbusha kwamba walikuwa na miaka 18 na 19.

Sasa yaangaliwe mabishano yaliyofuata. Wapo waliosema Warusi walikuwa na moyo na Wakanada walikuwa hawana. Hiyo ni kauli ya mtu asiyetaka kufikiri. Vijana wa Kanada ndio hao hao waliowafunga Warusi mabao sita siku kumi kabla yake, nao ndio waliokuwa wametangulia kwa mabao matatu usiku ule. Moyo wao haukupotea katika dakika 15 za mapumziko. Kilichopotea, kwa kadiri macho yanavyoona, ni uamuzi. Aliyetangulia kwa mabao mengi huanza kuuhifadhi ushindi badala ya kuutafuta: hurudi nyuma hatua moja, hukitupa mbali kisahani pale ambapo jana angekitembeza, humwangalia mwenzake badala ya kumwangalia mpinzani, na katika mchezo ambao mtu huingia barafuni chini ya dakika moja kisha akaketi kumngoja mwenziwe, hofu huambukizwa katika benchi kwa wepesi wa ajabu, kwa sababu kila anayerudi kuketi amekuja na habari mbaya. Upande wa pili aliye nyuma hana cha kuhifadhi. Hiyo si fadhila; ni hali tu aliyowekwa ndani yake. Kilicho fadhila ni kuwa na ufundi wa kuitumia hali hiyo, na ufundi haupatikani wakati wa mapumziko. Pasi alizozipokea Panarin zilikuwa zimekwisha kufunzwa miaka mingi kabla, katika viwanja vya baridi kali upande wa Chelyabinsk, alikolelewa na babu yake.

Ndiyo maana nasema sifa ya kumrudisha kijana mchezoni ni ya wale waliomlinda asivunjike alipoanza vibaya, kuliko wale waliomshangilia alipomaliza vizuri. Wa kwanza ni wachache, na kazi yao haina picha gazetini.

Lakini kisa hiki kina upande wa pili, nao ndio unaosahauliwa na kila mpenda miujiza. Kila timu inaporejea, iko nyingine inayoporomoka, na katika michezo ya vijana hao wanaoporomoka nao ni watoto wa watu. Mlinda mlango wa Kanada usiku ule alikuwa Mark Visentin, mwenye miaka 18, ambaye mabao matano yalimpita katika kipindi kimoja mbele ya taifa lake zima. Angeweza kutoka kwa mlango wa nyuma, na pasingekuwa na mtu wa kumlaumu. Alisimama mbele ya waandishi akajibu maswali yao, na wengi waliomsikia walimsifu kwa hilo kuliko ambavyo wangemsifu kama angeshinda. Nami naona huo ulikuwa ujasiri mkubwa zaidi ulioonekana Buffalo, na sioni haya kuuweka mbele ya bao la Panarin.

Mwaka uliofuata Kanada walimwita tena. Hili nalo lina uzito wake, kwa maana lingekuwa jambo jepesi kumwacha na kutafuta uso mpya usiokumbusha msiba. Katika mashindano hayo, nusu fainali ilichezwa Calgary tarehe 3 Januari 2012, tena baina ya Kanada na Urusi, na safari hii Warusi ndio waliotangulia, mabao 6 kwa 1, kipindi cha tatu kikiendelea. Wakanada wakafunga moja, wakafunga jingine, wakafunga la tatu na la nne, yote kwa muda mfupi, hata ikawa 6 kwa 5 na jengo zima linatikisika. Kisha saa ikaisha. Bao moja lilikosekana. Yeyote atakayepima kazi kwa kazi ataona kuwa walichokifanya vijana wale wa Calgary hakikupungua chochote kwa kile cha Buffalo: mabao manne dhidi ya matano, chini ya fadhaa ile ile, dhidi ya nchi ile ile. Tofauti ni kwamba wa kwanza wameingizwa katika tarehe, na wa pili hawakumbukwi ila na jamaa zao. Huo ndio ushahidi wangu kwamba tunachokisifu ni hesabu iliyo ubaoni, kisha tunaipa jina la moyo. Siku mbili baadaye, katika mchezo wa kutafuta nafasi ya tatu, Kanada waliwafunga Wafini mabao 4 bila, na langoni alikuwamo Visentin.

Na walimu? Bragin aliendelea kupewa vijana wa Urusi kwa vipindi kadhaa, akashinda, akashindwa, akapata medali za kila rangi. Tarehe 5 Januari 2020, miaka tisa kamili tangu usiku wa Buffalo, alisimama kwenye benchi katika fainali nyingine, huko Ostrava katika nchi ya Ucheki, mpinzani wake akiwa ni Kanada tena. Wakanada hao walikuwa wameanza mashindano kwa kuchechemea: katika mchezo wa pili Urusi hiyo hiyo ya Bragin iliwafunga mabao 6 bila, kipigo kibaya kuliko vyote ambavyo vijana wa Kanada wamewahi kukipata katika mashindano haya. Hawakufukuzwa, wala Dale Hunter, mwalimu wao, hakufukuzwa. Katika fainali walikuwa nyuma 3 kwa 1 katika kipindi cha tatu. Connor McMichael akapunguza, nahodha Barrett Hayton, aliyekuwa na jeraha la bega, akasawazisha, na zilipobaki kama dakika nne Akil Thomas akakimbilia kisahani nyuma ya walinzi wa Urusi akafunga la ushindi, 4 kwa 3. Bragin aliyaona kutoka upande wa pili yale aliyowafanyia wengine. Mtu aliyeyaonja yote mawili, nafikiri, ndiye anayestahili kukabidhiwa watoto wa watu.

Dave Cameron, aliyekuwa mwalimu wa Kanada usiku wa Buffalo, alibeba hasara ile kwa muda mrefu zaidi. Yalipita miaka 11. Mashindano yaliyoanza Desemba 2021 yalivunjwa baada ya siku chache kwa sababu ya maradhi ya korona, yakafanywa upya mwezi wa Agosti 2022 huko Edmonton, na Kanada wakampa Cameron timu. Katika fainali walitangulia kwa mabao 2 bila mbele ya Ufini, na Wafini wakasawazisha yote mawili. Yamkini mzee yule, akisimama pale, aliisikia Buffalo ikimnong'oneza shingoni. Safari hii mchezo ulikwenda katika muda wa nyongeza, Mason McTavish akaliokoa bao lililokuwa linaingia kwa kukipiga kisahani kikiwa juu ya mstari, na punde baadaye Kent Johnson akafunga la tatu. Medali ya dhahabu aliyoikosa kwa dakika 20 aliipata baada ya miaka 11, kwa kuwa kulikuwa na watu ofisini waliokataa kuamini kwamba kipindi kimoja ndicho mtu mzima.

Yuko atakayenipinga, na hoja yake naijua. Atanitajia timu ya watu wazima ya St. Louis, ambayo tarehe 3 Januari 2019 ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima ya Marekani ya Kaskazini, na mwezi Juni mwaka huo huo ikatwaa kombe la Stanley. Na atanikumbusha kwamba timu hiyo ilikuwa imemfukuza mwalimu wake mnamo Novemba na kumkabidhi kazi msaidizi wake, Craig Berube. Ni kweli, tena naongeza kwa hiari yangu kwamba katika timu ile walikuwamo pamoja, wakivaa jezi moja, Tarasenko na Schenn, nahodha wa Buffalo na mfungaji wa bao la tatu la Buffalo. Lakini watu wazima walio katika ajira wana mkataba na mshahara, na mwalimu wao aliipokea kazi akijua kuwa atafukuzwa. Kijana wa miaka 17 au 18 hakuajiriwa, ameletwa kufunzwa. Anayembadilishia mwalimu kila anapofungwa humwambia, bila ya kutamka neno, kwamba kosa lake limemfukuzisha mtu kazi, na baada ya hapo hapana mazoezi yatakayomtoa hofu mtoto huyo langoni. Mwenye kutaka kuendesha timu ya watoto kwa sheria za kampuni na aendeshe kampuni, awaachie watoto wenye subira nao.

Tena sisemi kuwa kila anayeanza vibaya atamaliza vizuri. Aghalabu anayeanza vibaya humaliza vibaya. Ndiyo maana kinyume chake kikawa habari. Wala siwatetei walimu wazembe, ambao wako, na ambao wanastahili kuondolewa kwa utaratibu baada ya msimu kumalizika na kazi yao kupimwa kwa mizani iliyo wazi. Neno langu ni la wakati wa kuhukumu. Chama kilichompa mwalimu timu ya vijana kwa mashindano fulani na kimwache mpaka mashindano hayo yamalizike, hata akifungwa michezo miwili ya mwanzo, hata akifungwa sita bila.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu wa makundi mawili. Kwa viongozi wa vyama na wa shule, wanaoziendesha timu za vijana katika mpira wa miguu, wa pete, wa kikapu na mingineyo: muda wa mwalimu uandikwe katika barua yake ya kazi, na barua hiyo iheshimiwe siku ya kufungwa kama inavyoheshimiwa siku ya kushinda. Na kwa waandishi wenzangu: mlinda mlango wa miaka 16 aliyefungwa mabao matano asiwekwe jina na picha katika ukurasa wa mbele kesho yake asubuhi. Aandikwe atakapokuwa tayari kusema mwenyewe, au asiandikwe kabisa.